Miti Ile Ilikuwa na Wenyewe

Nakumbuka asubuhi moja, Pasaka imepita juzi tu, narudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kutoka soko la Old Town mjini na ndoo ya mafuta ya kupikia na mchele wa kwaya. Basi dogo lilikuwa limepita Lumbadzi na kuniacha njia panda, nikapanda kabaza mpaka kambini, ndoo nimeipakata mapajani kama mtoto mchanga, naimba. Yule kijana wa baiskeli akageuka akaniuliza, "Dada, kuna harusi?" Nikamwambia ni zaidi ya harusi. Tunaenda retreti.

Mwanangu, usicheke kwamba nakuita mwanangu. Najua sina mvi hata moja, na wengine wenu tumepishana miaka michache tu. Lakini jana ninyi vijana wa kwaya mmenitumia picha kwenye simu, huku Kauma mjini nilipohamia na cherehani yangu. Picha ya mahali mlipochagua kwa retreti ya mwaka huu. Miti mikubwa, mizito, katikati ya mashamba matupu. Chini yake mmeandika, mkiniita dada mkubwa kama kawaida: "Yaya, tumepata paradiso." Nimeitazama hiyo picha mpaka nimeshona mkono wa blauzi ya mteja mahali pa shingo. Nimekasirika. Nimelala na hasira, nimeamka nayo, na kabla sijaifumua ile blauzi nimeona bora niwaandikie.

Kwa asiyejua, retreti ni siku moja tu. Tunatoka kambini asubuhi na mapema, tunaenda mahali pasipo na kelele, tunafunga mpaka mchana, tunaomba, tunaimba, kisha tunakula pamoja na kurudi jua likiwa bado juu. Lakini mtu aliyekaa Dzaleka, ambako ukikohoa jirani anakupa pole kupitia ukutani, anajua siku ya namna hiyo ni nini. Mi nilikuwa nimeiota ile siku kabla haijafika. Niliota nimelala chali kwenye majani, naangalia mbingu isiyo na mabati pembeni. Niliota hata nitakachoomba: cherehani, magoti ya Mama Nzigire yapone, na mume, kama Mungu atapata nafasi.

Mama Nzigire ni mdogo wa marehemu mama yangu. Yeye njo alinitoa Bukavu nikiwa sijui hata kufunga kiatu, njo alinilea. Wakati ule alikuwa analea pia watoto wa kaka yangu, na kwa kuwa posho ya kambi haifiki mwisho wa mwezi, alikuwa analima. Shamba halikuwa lake. Alipewa na mzee mmoja wa kijiji kilichoko nyuma ya kambi, mume wa bibi tunayemwita Agogo NaPhiri. Mzee yule alimwona Mama Nzigire akipita kila siku na mzigo wa kuni kichwani, akamwita, akamwonyesha kipande cha ardhi, akamwambia lima, ukivuna utatuletea kikapu. Basi. Mkataba wao ulikuwa ni salamu. Kila asubuhi Mama Nzigire alipita kwao, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wanawake wa hapa, akauliza wameamkaje. Hata Chichewa chake alijifunzia pale uani. Mvua zilipoanza msimu ule, kabla ya Pasaka hiyo, mzee akafa. Mama Nzigire alilala msibani pamoja na wanawake wa kijiji, akarudi macho yamevimba kama aliyefiwa na baba yake.

Sasa kwaya. Président wetu alikuwa Espoir, kijana mwenye sauti ambayo ukiisikia unasahau ulikuwa umekasirikia nini. Hilo nalisema kwa haki, maana sasa hivi nitamsema vibaya. Alituita kanisani kupanga retreti. Wanawake tukapewa kazi ya chakula: mchele, maharage, sombe ya majani ya muhogo. Wengine wakapewa ngoma, wengine turubai, wengine kwenda kukodi jenereta kwa ajili ya mikro za kuimbia. Mbuzi alikuwa ameshanunuliwa, amefungwa nyuma ya kanisa, anakula matangazo yetu ukutani. Espoir akasema vijana njo watakwenda kutafuta mahali.

Mama Nzigire, aliyekuwa amekaa nyuma na wamama, akainua mkono. "Munaenda kuomba kwa nani hiyo fasi?"

"Mama, ofisi ya kambi ilishatupa ruhusa ya kutoka," Espoir akajibu.

"Ruhusa ya kutoka nimeisikia. Mi nauliza ya kufika."

Watu wakacheka. Espoir naye akacheka, kwa upole, kama mtu anayemcheka bibi yake. "Mama, kule ni pori. Pori haina mwenyewe." Akapita kwenye jambo lingine, nadhani lilikuwa ni rangi ya vitambaa vya kichwani. Tulijadili rangi ya vitambaa, mwanangu, mpaka watu wakaanza kununiana. Swali la Mama Nzigire lilikaa pale chini kama kandambili ya mtu aliyekwisha kwenda nyumbani.

Basi, siku ile narudi na mafuta yangu, nikakuta Espoir na vijana wake mbele ya kanisa, jasho linawatoka, furaha inawatoka.

"Yaya! Tulipata fasi!" Espoir akanipokea ndoo. "Ukifika pale utasema ni Kivu. Huku kote ni mashamba tu, mashamba tu, lakini pale miti imesimama, mukubwa, na baridi, na ndege iko naimba."

"Tulishafagia," akasema mwenzake, panga bado mkononi. "Tulikata na matawi ya kufanya viti. Tulijaribu na moto, inawaka muzuri. Halafu bantu banapikaka pale, tulikuta na sufuria na kikombe ya bati."

"Kikombe iko na matobo."

"Matobo, ndiyo, lakini iko kikombe!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao, nikidhani nimekuta mzaha katikati.

Mwanangu, hebu itazame nchi hii tunayoishi. Toka Lumbadzi kupanda mpaka huko Dowa kambini kwetu, mashamba yamelimwa mpaka ukingoni mwa barabara. Watu wa hapa wanapika kwa kuni kama sisi. Mti ukikua kidogo, unakatwa. Sasa kwa nini pale katikati kuna kichaka kikubwa kimesimama, hakuna aliyekigusa? Sisi watu wa Bukavu hatujiulizi. Tumezaliwa kwenye kijani, milima yetu yote ni kijani, mti kwetu ni mti. Na kaburi kwetu tunalijua kwa msalaba na saruji. Hapa, ile miti njo makaburi yenyewe. Wanapaita manda. Kule ndani hakatwi hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Haingii mtu hivi hivi, watu wanaingia wakiwa na maiti, tena wakiongozwa na wale vijana wa kijiji wenye kazi ya kuchimba. Na vyombo vya marehemu, sufuria yake, kikombe chake, vinatobolewa na kuachwa juu ya kaburi lake.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama Nzigire amekaa mlangoni, jembe amelilaza miguuni. Hakunisalimia. Hakuniuliza Old Town kulikuwaje. Aliniuliza, "Banani baliingia mu manda?"

Sikumwelewa. Akarudia kwa sauti ndogo, na mi ile sauti ndogo naiogopa kuliko fimbo.

Walikuwa wamemfuata shambani wale vijana wachimba makaburi, yeye ameinama anang'oa maharage. "Hawakunitukana," akasema. "Wangenitukana ningejua la kujibu. Walisema, mama, weka jembe chini. Bantu bako wamekata miti ya manda. Wamewasha moto miguuni kwa mzee aliyekupa shamba." Nikamwambia vijana wanavyokicheka kikombe chenye matobo, akashika kichwa. "Ile kikombe wanayochekea kule kanisani, mi nilikunywea thobwa, ule uji wao mtamu wa mahindi. Kila nilipopeleka kikapu, mzee alinikorogea thobwa yake mu ile kikombe, anasema kunywa, mwanangu, umetembea."

Mfumu, chifu wa kijiji, alikuwa ametoa neno: hakuna kukanyaga shambani mpaka aamue. Mahindi yalikuwa yamekauka kwenye mabua, maharage maganda yameanza kupasuka yenyewe juani. Wenye mashamba ya jirani walikuwa wanamaliza kuvuna, na wakimaliza, mbuzi wa kijiji kizima wanafunguliwa. Chakula chetu cha mwaka kilikuwa kimesimama pale nje, na hatukuruhusiwa kukigusa.

Jioni hiyo Mama Nzigire alikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Aliingia katikati ya wimbo na kusimama mbele, mpaka sauti zikafa moja moja. Akawaeleza. Nitawapa haki wale vijana: nyuso zilibadilika. Yule wa panga alikaa chini sakafuni. Lakini Espoir alikuwa président, na président lazima aseme kitu.

"Mama, pole sana. Kweli. Lakini hatukujua, hakuna hata kibao. Tutabadilisha fasi. Programme inaendelea, wewe usisumbuke."

"Nisisumbuke." Mama Nzigire alilitamka hilo neno kama mtu anayetema mbegu. "Espoir, baba yako alizikwa wapi?"

"Bukavu, Mama."

"Nani anafagia kaburi yake?"

Espoir akaikunja karatasi ya programme mkononi.

"Mi mume wangu iko kule pia. Pengine wanalima juu yake, mi sijui. Sisi wote humu ndani tuliacha wafu wetu bila muntu wa kuwaangalia. Wote! Halafu Mungu anatuleta kwa bantu banaoangalia wafu wao, banabaki bila kuni kwa ajili ya wafu wao, na ninyi munakata ile miti muikalie matako? Muimbe?" Akawageukia waimbaji. "Munaimba vizuri. Hata mi nalia mukiimba. Mulijitayarisha kwa mikro. Mulijitayarisha kwa mbuzi, kwa vitambaa, karibu mupigane juu ya vitambaa. Kwa wenye kijiji hamukujitayarisha hata salamu."

"Mama, tutaomba Mungu atusamehe," mtu akasema kutoka nyuma.

"Mungu? Ni Mungu mulimukatia miti? Enda kwa ule mulimukatia miti!"

Mwanangu, nimehubiriwa na wachungaji wenye suti na vipaza sauti viwili. Sijawahi kusikia mahubiri kama yale.

Asubuhi tukaenda. Espoir, wale vijana waliokata, mimi, na Mama Nzigire wa kututafsiria, ingawa alisema waziwazi kwamba haendi kututetea. Mfumu alikuwa mtu mpole, amevaa koti kubwa, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake. Sisi tukakaa chini. Espoir alizungumza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia hana sauti. Mfumu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: kwa nini hamkuja kwangu? Mngekuja, akasema, ningewapa pale kwenye mto, pana mchanga na kivuli, hata watoto wa shule wanakwenda pale. Ningewaambia wanawake wawaletee maji.

Hapo njo hasira yangu ilipozaliwa, na haijafa mpaka leo. Mahali palikuwepo! Pazuri, na maji, na wanawake wa kutupokea. Palikuwa pametungojea pale, na bei yake ilikuwa ni kupiga hodi.

Mfumu akasema tutatoa mbuzi, kwa ajili ya watu watakaokwenda kutuliza mahali pale kwa desturi zao, na kwamba hakuna wetu atakayekanyaga tena manda. Mama Nzigire atavuna kilicho chake. Tukasema zikomo, yaani asante, tukapiga makofi. Espoir akashusha pumzi. Mi pia nikadhani yamekwisha.

Agogo NaPhiri alikuwa amekaa pembeni na wanawake wengine, mgongo umeegemea ukuta. Muda wote hakutuangalia. Mama Nzigire akamwendea kwa magoti, yale magoti yake mabovu, kutoka pale tulipokaa mpaka pale ukutani, anapiga makofi, anasema, "Pepani, agogo, pepani." Samahani, bibi, samahani. Na wala si yeye aliyekosa! Bibi akasema maneno machache, taratibu. Mama Nzigire hakutafsiri. Akainamisha kichwa, akarudi.

Njiani nikamuuliza.

"Amesema, nilifikiri we ni wetu."

Mbuzi wa retreti alikwenda. Retreti mwaka ule haikufanyika, maana bila nyama, wakasema, watu watakuja wachache. Tulivuna mahindi na maharage, Mama Nzigire akapeleka kikapu kama kila mwaka, akachagua mahindi mazuri kuliko yote. Agogo NaPhiri alikipokea kwa mikono miwili, akasema zikomo, akaingia ndani. Thobwa haikutoka. Mvua ziliporudi, tukaambiwa kwa heshima zote kwamba shamba sasa analihitaji mtoto wa kaka yake yule mzee marehemu. Hakuna aliyegombana na mtu. Mama Nzigire alisimama kwenye kijia na jembe begani, akaangalia kijana wa watu akipiga matuta mahali alipokuwa akipiga yeye, kisha akageuka. Mpaka leo anauza nyanya kwenye soko la kambi, za kununua, na kila nikienda kumwona ananiambia nyanya za siku hizi hazina harufu.

Na kwaya? Kwaya inakumbuka mbuzi! Nimewasikia kwa masikio yangu, hata Krismasi iliyopita: "Ule mwaka wanakijiji walikula mbuzi yetu." Wanacheka. Espoir mwenyewe anasimulia vizuri sana, na sauti za kila mtu. Sijawahi kusikia hata mmoja anasema, ule mwaka tulimpotezea Mama Nzigire shamba. Yeye hamwambii mtu. Anaimba nao kila Jumapili, mstari wa nyuma. Lakini mi nasema, tena nasema kwa maandishi, na mkitaka kunifukuza kwenye kundi la simu nifukuzeni, nitawashonea sare zenu hivyo hivyo.

Ndiyo maana nikiona picha yenu, miti minene katikati ya mashamba matupu, na mtu ameinua kidole gumba kwa furaha, damu inanipanda. Mwanangu, umemuuliza nani? Wewe ulizaliwa hapa hapa. Umekula nsima, ugali wa hapa, unaongea Chichewa kuliko mimi, unajua matusi yake yote. Espoir alikuwa mgeni, angalau ana cha kusingizia. Wewe utasema nini?

Sikiliza basi. Futa ile picha. Kesho asubuhi, kabla hujagusa ngoma wala kutuma mtu Old Town, nenda wewe mwenyewe na mama mmoja anayejua njia za kijiji kile, msibebe kamera, msibebe panga. Fika kwa mfumu, kaa chini, piga makofi, msalimie, na ngoja. Usianze kwa kusema mahali mlipopapenda. Mwambie tunataka siku moja ya kuomba, utuweke wapi? Atakapokuweka, hata kama ni uwanja wenye vumbi, sema zikomo na uwe umemaanisha. Kisha uliza ni nani anayelima karibu na pale, nenda kwake pia, mjue kwa jina. Uliza kwenye kwaya yenu ni mama gani analima kwenye ardhi ya wale watu, na huyo mama akae mbele siku ya kupanga, na akiinua mkono, nyamazeni. Vitambaa vya kichwa vitangoja. Na kama siku moja mmekosea, kwa sababu mtakosea, msimwachie mama mzee akatembee kwa magoti kwa niaba yenu. Tembeeni wenyewe, na mkirudi, kumbukeni alichopoteza yeye kabla hamjakumbuka mbuzi.

Nimemaliza, hasira imepungua kidogo, sasa naweza kufumua ile blauzi. Nawapenda, ninyi watoto wabishi mnaoimba vizuri kuliko tulivyoimba sisi. Mungu awape siku nyeupe isiyo na mvua. Awape kivuli mlichopewa kwa mkono wa mwenyewe, na bibi wa kijiji anayetoka mlangoni kuwasikiliza mnavyoimba. Ale nanyi, acheke nanyi. Na jioni mkirudi Dzaleka, asiwepo mama hata mmoja aliyepoteza chakula chake kwa sababu ninyi mlikwenda kuomba.